Tumkumbukeje Wuzzie George, mwanamke wa Kipaiute aliyetunza ujuzi wa kinamasi?

Swali: Mratibu wa Wasusi, Kigamboni

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu wa rika langu habari za leo. Kikundi chetu cha akina mama wanaosuka mikeka, makawa na vikapu hapa Kigamboni kina desturi ya kukutana mara kwa mara na kuzungumza juu ya mwanamke mmoja ambaye mikono yake ilihifadhi ujuzi wa watu wake. Safari hii tumemchagua Wuzzie George, mwanamke wa Wapaiute wa Kaskazini, moja ya makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani, aliyeishi kandokando ya kinamasi cha Stillwater, magharibi mwa jimbo la Nevada nchini Marekani, aliyezaliwa katika miaka ya 1880 na kufariki mwaka 1984. Jukumu la kumweleza nimepewa mimi, kwa muda usiozidi saa moja, mbele ya wanawake ambao wengi wao hawajawahi kusikia habari za Wapaiute.

Mimi mwenyewe nilimfahamu kupitia filamu iliyotolewa mwaka 1983 na Smithsonian, taasisi ya makumbusho na utafiti ya Marekani. Ndani yake yeye na watu wa familia yake wanajenga nyumba kwa mimea ya majini, wanasuka mkoba wa kubebea mayai ya bata, wanatengeneza bata wa bandia wa kuwindia, na wanafunga mtumbwi wa mafunjo. Kilichonigusa ni kwamba mwanamke yule, katika uzee wake mkubwa, alikuwa bado anaona kazi hiyo inastahili nguvu alizobakiwa nazo, na kwamba hakuwa peke yake. Ndugu zake walikuwa pale, wakifanya pamoja naye.

Tatizo langu ni namna ya kumsimulia. Kamati yetu imegawanyika. Wako wanaotaka shughuli iwe ya huzuni, yenye mishumaa na mashairi ya kuomboleza, na mmoja wao amependekeza tupige nyimbo za msiba za Wapaiute ambazo amezikuta kwenye intaneti. Wako wanaouliza kwa nini tusimchague Sarah Winnemucca, Mpaiute ambaye ana sanamu katika jengo la Bunge la Marekani na anajulikana duniani. Na mimi ninaogopa jambo la tatu, yaani kumweleza mama huyu kama masalia ya watu waliokwisha, ili wasikilizaji wetu wamhurumie badala ya kumheshimu. Naomba mnisaidie: nianzie wapi, nisisitize nini, na nini nikiache?

Jibu: Mwalimu Mstaafu, Temeke

Marahaba, binti yangu, na hongera kwa kikundi chenu. Nimefundisha historia kwa muda mrefu, na ushauri wangu ni kwamba uanze na maji. Maisha ya Wuzzie George hayaeleweki mpaka msikilizaji ajue kwamba watu wake waliitwa, kwa lugha yao, walaji wa toi, na kwamba toi ni mmea wa kinamasi. Wapaiute wa Kaskazini walijitambulisha kwa chakula cha mahali pao: hawa wa Stillwater kwa mmea huo, na jirani zao wa Ziwa Pyramid kwa samaki aitwaye cui-ui, ambaye hapatikani penginepo duniani ila katika ziwa hilo. Nevada ni nchi kavu, yenye milima na majangwa, lakini mito inayoingia humo kutoka milima ya Sierra Nevada haifiki baharini, bali huishia humo humo katika maziwa na vinamasi. Mahali ambapo mgeni aliona jangwa, wenyeji walijua palipo na bata, kukuziwa, samaki, mayai, mizizi ya kula, na chavua ya manjano ya toi ambayo wanawake waliikusanya na kuioka kuwa mikate.

Sasa angalia mpangilio wa matukio. Madini ya fedha yaligunduliwa Virginia City, humo humo Nevada, mwaka 1859, na wachimbaji wakamiminika kwa maelfu. Mwaka uliofuata vikazuka vita kati yao na Wapaiute karibu na Ziwa Pyramid. Migodi ilihitaji mbao na makaa, kwa hiyo misonobari midogo ambayo mbegu zake zilikuwa akiba ya chakula cha majira ya baridi ikakatwa milima kwa milima. Wuzzie alizaliwa miongo miwili baada ya hayo yote. Hakuikuta dunia ya wazee wake ikiwa nzima, na mengi aliyoyajua aliyapata kwa bibi yake, ambaye aliyaishi.

Kisha ukaja mradi wa umwagiliaji. Baada ya sheria ya shirikisho ya mwaka 1902, bwawa la Derby lilijengwa katika Mto Truckee na kukamilika mwaka 1905, na maji yakapelekwa kwa mfereji hadi mashamba ya Fallon, jirani kabisa na Stillwater. Ziwa Pyramid lilishuka kwa zaidi ya mita 20 katika miongo iliyofuata, na ziwa jirani lililoitwa Winnemucca lilikauka kabisa katika miaka ya 1930. Bwawa la Lahontan, la mwaka 1915, likafunga Mto Carson ambao ndio uliokuwa ukilisha kinamasi chenyewe. Wapaiute wa Fallon, waliokuwa wamegawiwa viwanja vya ekari 160 kwa kila mtu, waliambiwa wavibadilishe kwa ekari 10 zenye haki ya maji. Ninakuomba uwasomee akina mama tarakimu hizo mbili, 160 na 10, kisha unyamaze kidogo. Wanawake wa Kigamboni wanaujua mgogoro wa viwanja kuliko mhadhiri yeyote, na hawatahitaji maelezo zaidi.

Ukishaeleza hayo, ndipo wataona kwamba alichokifanya mama huyu hakikuwa burudani ya uzeeni. Mimea aliyoifuma ilikuwa ikipungua mbele ya macho yake katika maisha yake yote.

Jibu: Fundi wa Ukili, Mbagala

Mwalimu, shikamoo. Historia uliyoieleza ni ya kweli na inauma, lakini naomba nitofautiane na wewe kuhusu mahali pa kuanzia. Ukianza na mifereji na mabwawa mbele ya wasusi, watamwona Wuzzie George kwanza kama mtu aliyenyang'anywa. Ukianza na mikono yake, watamwona kwanza kama fundi, halafu utakapowaeleza kilichonyang'anywa watajua ukubwa wake.

Mimi ningemweleza bata wa bandia tangu mwanzo hadi mwisho, polepole, hatua kwa hatua. Mafunjo ya aina inayoitwa tule huvunwa, kisha fungu lake hukunjwa ili lifanye kifua na mwili wa bata, likafungwa kwa mimea hiyo hiyo, na nyuma likakatwa kuwa mkia. Kichwa na shingo hutengenezwa mbali na kuunganishwa. Halafu ngozi ya bata halisi, pamoja na manyoya yake, huvalishwa juu ya mwili huo na kukazwa. Bata huyo akiwekwa majini huelea, na wenzake walio angani humwona na kushuka. Kazi hiyo inadai ujuzi wa mambo mengi kwa wakati mmoja: mafunjo yakauke kiasi gani ndipo yakunjike bila kuvunjika, fungu liwe nene kiasi gani ili lisizame upande mmoja, na shingo ikae vipi ili bata aliye juu asishtuke. Msusi yeyote anayesikiliza atauliza maswali kabla hujamaliza sentensi.

Halafu waeleze jambo ambalo mimi lilinistaajabisha kuliko yote. Mwaka 1924 wachimbuaji wa mambo ya kale walifukua katika Pango la Lovelock, ambalo haliko mbali na Stillwater, shehena ya bata 11 wa bandia wa mafunjo, waliokuwa wamefungwa vizuri na kufukiwa. Vipimo vilivyofanywa baadaye vilionyesha kwamba umri wao ni takriban miaka 2000. Baadhi yao wamepakwa rangi na kuchomekwa manyoya, na wamefananishwa na aina moja ya bata wa majini kwa uangalifu mkubwa. Bata aliokuwa akiwatengeneza Wuzzie George katika karne ya ishirini ni wa kazi ile ile. Mwaka 1995 jimbo la Nevada liliwatangaza bata wa Lovelock kuwa kifaa chake rasmi cha kale, lakini kwangu mimi heshima kubwa zaidi ni kwamba, katika karne ileile walipofukuliwa, kulikuwa bado na mwanamke aliyeweza kuwatazama na kujua namna walivyofungwa.

Vitu hivi vyote ni vya kuoza. Mtumbwi wa mafunjo, ambao ni mafungu mawili makubwa yaliyofungwa pamoja na kuinuliwa mbele, haukai miaka. Nyumba ya toi haikai miaka. Ni sawa na ukili wetu: miyaa ya mkindu ikiachwa kwenye unyevu inaota ukungu, mkeka wa bibi yako huwezi kuurithi kwa zaidi ya muda fulani, na unachoweza kurithi kweli ni kujua kusuka. Watu wanaojenga kwa mawe wanaweza kusahau kwa karne nzima na jengo likabaki pale. Wanaofuma kwa mimea wakinyamaza kwa kizazi kimoja, basi hakuna kitu kinachobaki cha kuwakumbusha. Ndiyo maana mimi ninasema siku hiyo tusikae tu kusikiliza. Tutafute mafunjo bondeni, tukae chini, na tutengeneze bata mmoja kwa heshima yake.

Jibu: Wakili, Upanga

Ndugu zangu, nimefurahi kusoma maelezo haya. Naomba nimtetee Sarah Winnemucca, bila kumpunguza Wuzzie George hata kidogo, kwa sababu nadhani wajumbe wa kamati waliomtaja wana hoja ambayo inaweza kumsaidia dada yetu mratibu.

Sarah alizaliwa karibu na mwaka 1844, na jina lake la nyumbani lilikuwa Thocmetony. Babu yake, Truckee, aliamini kwamba urafiki na wageni unawezekana, na mjukuu akajifunza Kiingereza na Kihispania pamoja na lugha yake. Baada ya vita vya mwaka 1878 kati ya jeshi la Marekani na kabila jirani la Bannock, Wapaiute wengi, hata wasiohusika na vita, walihamishwa kwa nguvu Januari 1879 hadi ardhi iliyotengewa kabila la Yakama katika eneo la Washington, kaskazini-magharibi mwa nchi, safari ya takriban kilomita 560 katikati ya baridi kali, na watu walikufa njiani. Sarah alipanda majukwaa ya San Francisco mwaka huo huo kulaani mawakala wa serikali, kisha mwaka 1880 akafika mji mkuu, Washington, na kuonana na Waziri wa Mambo ya Ndani, Carl Schurz, na Rais Hayes. Alipewa barua ya kuahidi kwamba watu wake wangeruhusiwa kurudi. Ahadi hiyo haikutekelezwa. Mwaka 1883 alichapisha kitabu kuhusu maisha yake na madai ya watu wake, ambacho kinatajwa kuwa miongoni mwa vitabu vya kwanza kabisa kuandikwa na mwanamke mwenyeji wa Marekani. Mwaka 1885 alifungua shule karibu na Lovelock ambamo watoto wa Kipaiute walifundishwa kwa lugha yao na kwa Kiingereza. Shule hiyo haikudumu, kwa kukosa fedha na kwa sababu sera ya serikali ilikuwa kuwapeleka watoto katika shule za bweni, mbali na wazazi. Alifariki mwaka 1891 katika eneo la Henry's Lake, Idaho. Sanamu yake iliwekwa katika Bunge la Marekani mwaka 2005, ameshika kitabu mkono mmoja na ua mkono mwingine.

Nimeyasema yote hayo kwa sababu moja. Sarah alibeba maneno ya pande mbili zisizoaminiana, na pale serikali ilipovunja ahadi, baadhi ya watu wake walimlaumu yeye aliyezitafsiri. Pia alikuwa amefanya kazi ya mkalimani na mpelelezi wa jeshi, jambo ambalo hata leo baadhi ya Wapaiute hawalichukulii kirahisi. Kwa hiyo msimweke kama mtakatifu ili Wuzzie aonekane mdogo, wala msimwache kabisa. Mmoja alipigania watu wake waruhusiwe kuishi mahali pao. Mwingine aliishi mahali hapo akijua kila kinachoota na kila kinachoruka. Mapambano ya yule wa kwanza yasingekuwa na maana kama kusingekuwa na watu wa aina ya wa pili. Nusu ya saa yako ikitumika kwa Wuzzie na dakika chache kwa Sarah, hutakuwa umemdhulumu yeyote.

Jibu: Mtunza Vifaa vya Makumbusho, Kijitonyama

Salaam kwenu nyote, na shikamoo Mwalimu. Mimi kazi yangu ni kutunza vifaa vya kale na maelezo yake, kwa hiyo nitajibu upande wa nini cha kuacha, ambao naona haujaguswa.

La kwanza ni zile nyimbo za msiba. Kwa maelezo ya dada mratibu, nadhani kinachokusudiwa ni Nyimbo za Chumvi. Hizo ni mali ya Wapaiute wa Kusini, watu wa nasaba moja na wa Kaskazini lakini wenye nchi yao na desturi zao. Huimbwa kwenye misiba na kumbukumbu, tangu jua linapozama hadi linapochomoza, na zinafuata njia ya kiroho inayopita Nevada, Utah, Arizona na California. Hazikuwa nyimbo za Wuzzie George. Hata kama zingekuwa zake, wimbo wenye kazi ya kumsindikiza marehemu haupigwi kwenye spika ili kutengeneza hali ya huzuni ukumbini. Sisi wenyewe tusingefurahi kusikia talakini inachezwa kwenye tamasha la watu wasioijua. Naomba sana pendekezo hilo liondolewe.

La pili linahusu mume wake. Jimmy George alikuwa mganga aliyeheshimika miongoni mwa watu wake. Msimfanye kuwa kichekesho wala kivutio, na msieleze mambo ya uganga ambayo familia haikuyaweka hadharani. Inatosha kusema kwamba walifanya kazi pamoja.

La tatu ni jina lenyewe. Desturi ya zamani miongoni mwa Wapaiute na jirani zao ilikuwa kuepuka kulitaja jina la aliyefariki, na mali zake nyingi ziliteketezwa au kuzikwa. Sisemi kwamba msimtaje. Jina lake limo katika vitabu na filamu ambazo yeye mwenyewe alishiriki kuzitengeneza. Ninasema tu kwamba shughuli yenye mabango makubwa ya sura yake na kulirudia jina lake kila baada ya sentensi ni namna yetu ya kuheshimu, na huenda isiwe namna yao. Mtajeni kwa kiasi, na mzungumze zaidi juu ya kazi.

La nne, ambalo kwangu ndilo kubwa, ni swali la nani alihifadhi nini. Katika miaka ya 1950 mtafiti wa Nevada aitwaye Margaret Wheat alianza kumrekodi Wuzzie George na wenzake, akapiga picha na kunasa sauti, na mwaka 1967 kikachapishwa kitabu chake kinachoonyesha kwa picha namna mtumbwi, nyumba, bata na blanketi za ngozi za sungura zilivyotengenezwa, na namna mbegu za misonobari zilivyotayarishwa. Kanda zake zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Nevada mjini Reno. Baadaye mwanaanthropolojia Catherine Fowler alitumia maelezo ya Wuzzie kwa wingi katika kitabu alichotoa mwaka 1992 kuhusu walaji wa toi. Kazi za watafiti hao ni njema na ninazithamini. Hata hivyo, mara nyingi nimesikia habari kama hizi zikisimuliwa kana kwamba mwenye kinasa sauti ndiye aliyeokoa ujuzi, na mwenye ujuzi alikuwa chombo tu cha kuchotwa. Wuzzie George ndiye aliyeamua nini kionyeshwe, akaketi na mtafiti miaka na miaka, akarudia kazi ambazo wenzake wengi walikuwa wameziacha. Yeye alikuwa mwalimu, na Margaret Wheat alikuwa mwanafunzi wake. Lisemeni hivyo.

Na hofu uliyoitaja wewe mwenyewe, dada, ni ya haki kabisa. Wapaiute hawajaisha. Kabila la Wapaiute na Washoshone wa Fallon lina serikali yake na ardhi yake karibu na Stillwater hadi leo, na Wapaiute wa Ziwa Pyramid wana makumbusho yao wenyewe pale Nixon. Bata wa mafunjo bado wanatengenezwa. Ukimwita huyu mama kuwa ndiye wa mwisho, utakuwa umewafuta wajukuu zake mbele ya watu ambao hawana njia ya kukusahihisha.

Kwa sababu hiyo, Fundi wa Mbagala anisamehe, sikubaliani na wazo la kutengeneza bata. Kifaa hicho kina wenyewe, wako hai, na hatujawauliza.

Jibu: Fundi wa Ukili, Mbagala

Nimekusoma, ndugu yangu, na nyimbo nakubaliana nawe moja kwa moja. Kuhusu bata, bado moyo wangu ni mzito. Wuzzie George alikubali kila hatua ichukuliwe kwenye filamu, na filamu ikatolewa kwa umma. Mtu anayeonyesha hatua zote, kwa utaratibu, anataka zieleweke, na kwa fundi kuelewa ni kushika. Sisi hatukusudii kuuza wala kujidai kwamba ni wetu. Mikono ya akina mama ikijaribu fungu moja tu la mafunjo na kushindwa kulikunja, watamheshimu kuliko baada ya hotuba ya saa nzima.

Jibu: Mwalimu Mstaafu, Temeke

Wanangu, naona nyote wawili mnamheshimu mtu huyo huyo. Kabla ya kuamua, mkumbuke kwamba mwaka 1890, Wuzzie akiwa bado mtoto, ilifunguliwa shule ya bweni ya Stewart karibu na Carson City, ambako watoto wa Kipaiute na wa makabila jirani walikatazwa lugha na desturi zao, na shule hiyo ilidumu hadi mwaka 1980. Watu ambao kwa miaka mingi waliadhibiwa kwa kufanya mambo yao wana haki ya kuwa waangalifu wanapoona wageni wakiyafanya kwa kujifurahisha, hata kama nia ni njema. Ningeshauri akina mama wayaguse mafunjo, wayapinde, wayasikie ugumu wake, ila wasitengeneze bata. Na baada ya hapo kila mmoja akae na kazi ya mikono aliyofundishwa na bibi yake, hasa ile ambayo hajaifanya kwa muda mrefu.

Halafu, Fundi, nimekubali hoja yako ya mwanzo. Anza na mikono, maji yafuate.

Mratibu wa Wasusi, Kigamboni

Ninawashukuru wote kwa dhati. Nimekaa na kamati, tumeyasoma majibu yenu kwa sauti, na tumeafikiana mambo yafuatayo. Nyimbo zimeondolewa, na mishumaa pia. Nitaanza na kueleza bata na mkoba wa mayai kwa dakika kama 20, nikiegemea filamu ile, kisha nitaeleza mito, mabwawa na zile ekari 160 na 10. Sarah Winnemucca atapata nafasi yake baada ya hapo, hasa shule yake ya Lovelock, kwa sababu wengi katika kikundi wana watoto ambao hawawezi tena kusema lugha za bibi zao, Kizaramo kikiwemo, na najua watakuwa na mengi ya kusema. Margaret Wheat nitamtaja kama mwanafunzi. Na nitawaambia waziwazi kwamba kuna Wapaiute leo, wanaishi wapi, na wanafanya nini.

Kipengele cha kazi za bibi kimewasisimua kuliko vyote. Mama mmoja wa kikundi, ambaye ni Mzaramo wa hapahapa Kigamboni, amesema anajua kusuka aina ya pakacha la kubebea samaki ambalo sisi wengine hatujawahi kuliona, na kwamba hakuna aliyewahi kumwomba alionyeshe. Tumempa nafasi ya mwisho, bila kikomo cha muda.

Nimebakiwa na swali dogo la utekelezaji. Mafunjo mazuri tutayapata wapi, na yavunwe lini ili siku hiyo yawe laini ya kupindika?

Jibu: Fundi wa Ukili, Mbagala

Usiende Msimbazi, maji yake ni machafu na akina mama watashika kwa mikono mitupu. Njoo huku kwetu, bonde la Mzinga, kuna matete na mafunjo ya kutosha kwenye mashamba ya mboga, na nitazungumza na mwenye shamba mmoja ninayemfahamu. Yakatwe karibu na maji kabisa, yakiwa bado ya kijani, yaanikwe kivulini siku chache bila kupigwa na jua kali, kisha usiku wa kuamkia shughuli yafunikwe kwa magunia yaliyolowekwa. Nitayaleta mwenyewe kwa bajaji hadi kwenye kivuko, mtu wa upande wenu anipokee. Na mwambieni yule mama wa pakacha aje na miyaa yake mwenyewe aliyoizoea, kwa kuwa ya dukani siku hizi imekatwa vibaya.